Wimbo wa Old Trafford na koki iliyowekwa nyuma ya bega

MASHABIKI wa Manchester United wana wimbo mmoja ambao hata kama wewe ni wa Arsenal au Liverpool unaujua tu. Wanauvuta taratibu, skafu juu, wakiomba barabara iwarudishe nyumbani. Barabara wanayoitaja ni United Road, ile inayopita ubavuni mwa Uwanja wa Old Trafford. Maneno ni yao, sauti wameazima. Mwenye wimbo ni John Denver, Mmarekani aliyeurekodi mwaka 1971 akiisifia West Virginia, na wazee wetu wanaopenda kantri, hasa wale wa upande wa Kenya, wanaujua kuliko hata hao mashabiki.

Sasa waulize wanaouimba, jamaa alikufaje? Wengi hawajui.

Ilikuwa Jumapili jioni, Oktoba 12, 1997. Denver, mwenye umri wa miaka 53, alipaa peke yake kutoka uwanja wa ndege wa Monterey, California. Akazunguka, akagusa njia ya kurukia na kupaa tena mara kadhaa, kisha akaelekea ufukweni. Watu waliokuwa chini walisikia injini ikikohoa. Ndege ikainamisha pua na kuingia baharini jirani na mji wa Pacific Grove. Haikuwa ndege ya kiwandani. Ilikuwa Long-EZ, ndege ndogo ya faiba ya watu wawili, iliyojengwa na fundi wa kujitegemea. Denver aliinunua ikiwa imeshatumika, na ilikuwa mikononi mwake kwa muda mfupi tu.

Kilichomuua siyo moto. Lakini ukiifungua ripoti ya NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali, unakuta stori nzima inaanzia kwenye hofu ya moto. Fundi aliyeijenga hakutaka petroli ipite kwenye chumba cha rubani, akahamisha koki ya mafuta. Mara ya kwanza kuisoma ripoti hiyo nilirudia ukurasa mara mbili, maana fundi yule alikuwa na hoja kabisa.

Utasema, hii ni kurasa ya michezo, ndege za kujengwa nyumbani zinatuhusu nini? Bwana, soka na ndege vimezikana sana. Munich mwaka 1958, Zambia mwaka 1993, mmiliki wa Leicester City mwaka 2018, Emiliano Sala mwaka 2019. Kila mara tunaandika majina, tunakaa kimya dakika moja, tunahamia kwenye msimamo wa ligi. Swali la fundi hatuliulizi: moto ulitokea wapi, nani aliweka nini wapi, na rubani alikuwa na sekunde ngapi? Ndege ndogo ya faiba ni mahali pazuri pa kuuliza, kwa sababu pale mtu mmoja anaamua kila kitu, toka bomba la mafuta hadi loki ya mlango.

Ndege ya povu na gundi

Mchoro wa Long-EZ ni wa Burt Rutan, mbunifu aliyekuwa na karakana yake huko Mojave, jangwani California. Ndege ya kwanza ya aina hiyo iliruka mwaka 1979. Mkononi mwa Rutan ndiko ilikotoka pia Voyager, ambayo mwaka 1986 ilizunguka dunia nzima bila kutua wala kuongezwa mafuta, kaka yake Dick Rutan na Jeana Yeager wakiwa ndani kwa siku tisa. Long-EZ yenyewe ni hivi: povu gumu ndani, kitambaa cha faiba nje, gundi ya epoksi katikati.

Kama umewahi kupita kwa mafundi wa boti za faiba, Dar au Mombasa, kazi hii unaijua kwa harufu. Bawa linaanza kama bonge la povu, ndugu wa yale maboksi meupe ya kuwekea samaki na barafu. Linakatwa kwa waya mwembamba uliopashwa moto kwa umeme, linapita kama kisu kwenye siagi. Kisha kitambaa cha nyuzi za kioo kinatandazwa juu, kinaloweshwa gundi, kinaachwa kikauke. Hakuna riveti, hakuna kuchomelea. Mtu mwenye subira anaweza kuijenga kwenye gereji ya nyumbani, na maelfu wamenunua michoro na kujaribu. Sheria ya Marekani inaruhusu mradi sehemu kubwa ya kazi, zaidi ya nusu, iwe imefanywa na mtu kwa ajili ya kujifunza au burudani yake. Ndege inaandikwa kwamba ni ya majaribio. Hapabanwi na kanuni zile zinazoubana mtengenezaji wa kiwandani, na fundi akitaka kubadili mchoro wa Rutan, anabadili. Liweke hilo akilini, tutalirudia.

Moto wa kwanza unamsubiri fundi hapo hapo gerejini, kabla ndege haijaona anga. Gundi ya epoksi inaganda kwa kuchanganywa na dawa yake ya kukazia, na ikiganda inatoa joto. Ukiipaka nyembamba kwenye kitambaa, joto linapotea hewani. Ukiiacha imejaa kwenye kikombe, joto halina pa kutokea, linaharakisha kuganda, kuganda kunaongeza joto, na ghafla kikombe kinafuka moshi. Kikombe cha plastiki kinayeyuka, na kama kiko kwenye pipa la takataka pamoja na karatasi na matambara, umeshapata moto saa sita usiku ukiwa umelala. Wazoefu wanachanganya kidogo kidogo, na masalia wanayamwaga kwenye sinia pana au wanayatoa nje juu ya zege.

Halafu kuna asetoni ya kuoshea brashi. Mvuke wake unashika moto hata kwenye baridi ya kugandisha maji, na ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni kama beki anayevizia mguu wako. Wewe uko kona hii na kopo, cheche iko kona ile kwenye swichi ya feni, zinakutana. Wanaotumia gundi ya poliesta, ambayo ni rahisi na ndiyo ya boti nyingi, wana balaa la ziada: ile peroksaidi ya kugandishia na kiharakishi chake cha kobalti zikichanganywa moja kwa moja, kabla ya kuingia kwenye gundi, zinaweza kulipuka. Na kuna aina ya povu, ya yurethani, ambayo haikatwi kwa waya wa moto hata siku moja. Moshi wake ni sumu. Hiyo inachongwa kwa kisu na msasa.

Sizungumzi vumbi la nyuzi za kaboni linaloingia kwenye mashine za umeme na kusababisha shoti, maana linapitisha umeme. Gereji nayo inataka mtungi wa kuzimia moto mlangoni, na mlango wenyewe uwe upande ambao moto hautakuzibia.

Beki wa kati

Ndege ikishakamilika, ulinzi mkubwa ni kitu kimoja ambacho abiria hakioni: ukuta wa moto. Ni ubao wa kati unaotenganisha injini na watu. Kwa ndege za kiwandani za Marekani, kanuni inataka ukuta huo uhimili mwali wa nyuzijoto karibu 1,100 za Selsiasi kwa dakika 15 bila kutoboka. Bati la chuma cha pua, hata lenye unene wa chini ya nusu milimita, linakubalika. Aluminiamu haifai peke yake, inayeyuka kwenye nyuzijoto 660 na mwali wa petroli unaipita mbali.

Dakika 15 siyo namba ya mapambo. Ni muda wa rubani kufunga mafuta, kutafuta shamba au barabara, na kutua.

Hapa faiba ina tatizo ambalo ndege ya bati haina. Bati la chuma halitoboki, sawa, lakini linapitisha joto. Nyuma yake kwenye ndege ya Rutan kuna ubao, povu na gundi. Kioo chenyewe hakiungui, kinachoungua ni gundi inayokishika. Na kabla haijaungua, inalegea. Epoksi nyingi zinazoganda bila tanuri zinaanza kulainika kabla hata maji hayajachemka, ndiyo maana ndege hizi karibu zote utaziona zimepakwa rangi nyeupe. Ukiipaka nyeusi na kuiacha kwenye jua la mchana, unacheza na nguvu ya bawa. Sasa kama jua tu ni kesi, fikiria mwali.

Kwa hiyo mafundi wanaweka blanketi la nyuzi za kauri upande wa injini, juu yake bati jembamba. Mpangilio ni huo: bati likutane na moto, blanketi lizuie joto, ubao ubaki mzima. Kuna wanaokosea kwa kubandika sponji ya kuzuia kelele upande wa abiria, kwa gundi ya kawaida. Moto haujapita ukutani, lakini sponji imeshapata joto na chumba kimejaa moshi.

Na ukuta wa moto ni kama safu ya ulinzi, goli linapita kwenye tundu. Kila waya, kila bomba la mafuta, kila kebo ya kuongezea kasi inatoboa ukuta huo. Ukipitisha mipira kwenye kishimo kilichozibwa kwa silikoni ya dukani, umejenga ukuta wa dakika 15 wenye mlango wa sekunde 30. Viungio vya hapo vinatakiwa viwe vya chuma, mipira ya mafuta ivalishwe soksi ya kuzuia moto, na matundu yazibwe kwa dawa inayovumilia mwali.

Ukuta huo huo ndio unaozuia moshi wa ekzosi. Hapo mkumbuke Emiliano Sala. Januari 21, 2019, alikuwa anatoka Nantes kwenda Cardiff City waliomnunua kwa pauni milioni 15, ndani ya Piper Malibu, ndege ya bati yenye injini moja. Vipimo vya mwili wake vilikuta hewa ya ukaa yenye sumu imeshika asilimia 58 ya damu. AAIB, wachunguzi wa ajali za ndege wa Uingereza, waliona uwezekano mkubwa ni kwamba moshi wa ekzosi ulivuja ukaingia ndani, na rubani naye inaelekea aliuvuta. Hakukuwa na mwali, lakini kilichotakiwa kubaki upande wa injini kilifika kwenye kiti. Kifaa cha kugundua hewa hiyo ni kidogo kuliko simu na bei yake haifiki hata jezi orijino ya klabu. AAIB ilipendekeza ndege za aina hiyo ziwe nacho.

Long-EZ ina jambo lake jingine: injini iko nyuma na pangaboi linasukuma badala ya kuvuta. Faida yake ni kwamba moto ukitokea angani upepo unaupeleka nyuma, mbali na watu. Hasara yake, rubani haoni kitu. Kwenye ndege ya kawaida moshi unakujia usoni. Kwenye hii unaweza kuungua mgongoni huku mbele unaangalia bahari nzuri. Ndiyo maana taa ya kuonya joto la chumba cha injini kwenye ndege kama hii siyo anasa.

Koki

Turudi kwa Denver.

Kila mwendesha bodaboda anajua koki ya mafuta: wazi, funga, rizavu. Long-EZ ina matangi mawili, moja kila upande pale bawa linapoungana na mwili, na koki moja yenye nafasi tatu: kushoto, kulia, funga. Haichoti pande zote mbili kwa pamoja. Tangi moja likikauka, rubani anageuza. Kwenye mchoro wa Rutan, koki iko mbele ya kiti, katikati ya miguu ya rubani. Mkono unaifikia bila kuangalia.

Ila ili koki ikae hapo, bomba la petroli lazima lije hadi katikati ya mapaja yako. Fundi aliyejenga ndege ile aliona hilo halikubaliki. Na kwa moto peke yake, fundi alikuwa sahihi: petroli kidogo kwenye chumba ni moto mdogo. Akaiweka koki kwenye ubao wa nyuma, juu ya bega la kushoto la rubani. Ndege ilikuwa yake, sheria ilimruhusu.

Wachunguzi walijaribu wenyewe kufanya alichotakiwa kufanya Denver. Kuifikia koki ile, rubani alipaswa kuachia usukani ulioko mkono wa kulia, kulegeza mkanda wa mabega, kujigeuza nyuzi 90 kuelekea kushoto, kisha kupeleka mkono nyuma na kuigeuza. Jaribu hapo ulipokaa. Utaona mguu wa kulia unajikaza sakafuni wenyewe ili mwili uzunguke. Kwenye ndege, mguu huo uko kwenye pedali ya usukani wa mkia. Ukiukaza, ndege inapinda. Na Denver hakuwa juu sana, alikuwa futi mia chache tu kutoka kwenye maji.

Kinachouma ni kwamba tatizo lilijulikana. Siku ya ajali fundi mmoja pale Monterey alizungumza naye kuhusu koki hiyo. Wakajaribu kuibana kwa plaizi ya kujifunga ili kurefusha mpini, haikusaidia. Fundi akampa kioo kidogo cha kuangalia nyuma, maana hata vioo vya kupimia mafuta vilikuwa nyuma yake, na havikuwa na alama za kiasi. Denver akasema ikibidi ataweka ndege ijiendeshe yenyewe wakati anageuza koki. Aliulizwa kama aongezewe mafuta, akakataa, anaruka kama saa moja tu. Huyu hakuwa mgeni wa anga, alikuwa na zaidi ya saa 2,700. Ila kwenye aina ile ya ndege alikuwa amefundishwa kama nusu saa hivi. NTSB ilimlaumu na yeye: hakukagua vizuri, hakuijua ndege. Lakini koki isiyofikika na isiyo na alama ilitajwa wazi.

Mabaki yalipotolewa baharini, koki ilikutwa katikati. Haikuwa imekaa kikamilifu upande wowote.

Mimi naona fundi yule alikaba mchezaji mmoja vizuri mno akamwachia mwingine uwanja mzima. Wajenzi wengine wamelitatua kwa njia ambayo ingewezekana hata wakati ule: koki ibaki nyuma kwenye ubao pamoja na mabomba, lakini mpini uletwe mbele kwa fimbo ndefu. Petroli inabaki nyuma, mkono unabaki mbele. Wengine wanaacha bomba lipite chumbani lakini ni bomba zima lisilo na kiungio hata kimoja njiani, maana petroli inavuja kwenye viungio. Na juu ya mpini panaandikwa kwa herufi kubwa: kushoto, kulia, funga. Kazi hiyo haizidi siku mbili.

Faiba ina ujanja mwingine kwenye mafuta. Ndege ya bati inapojazwa, umeme wa msuguano unasambaa kwenye bati na kupotea. Faiba ya kioo haipitishi umeme. Ule umeme unaokushtua ukivua sweta ya nailoni kwenye baridi ya Njombe unaweza kujikusanya kwenye mdomo wa tangi, ukisubiri pua ya pampu. Kwa hiyo mdomo wa chuma unaungwa kwa waya hadi kwenye injini, na kabla ya kufungua kifuniko, ndege, pampu na ardhi vinaunganishwa. Dumu la plastiki ndilo baya zaidi kwa kazi hii, ingawa ndilo wengi wanalotumia. Na povu lile la bawa, nisisahau, linayeyuka likiguswa na petroli. Tangi likivuja taratibu, bawa linaliwa kutoka ndani wakati nje linang'aa.

Mkono wenye hofu

Nasisitiza mkono kwa sababu ya Zambia.

Aprili 27, 1993, Chipolopolo walikuwa safarini kwenda Dakar kucheza na Senegal kufuzu Kombe la Dunia. Walipanda Buffalo ya jeshi la anga, ndege ya mapangaboi mawili, wakatua Brazzaville, kisha Libreville. Walipopaa Libreville, injini ya kushoto ikashika moto. Ripoti iliyotoka mwaka 2003 ilisema rubani, aliyekuwa amechoka baada ya kuwatoa Mauritius siku iliyotangulia, alizima injini ya kulia. Ile nzima. Ripoti ilitaja pia taa ya tahadhari yenye kasoro. Wote 30 walikufa, 18 kati yao wachezaji. Kalusha Bwalya alipona kwa kuwa alikuwa PSV na angesafiri kivyake.

Buffalo siyo faiba na haikujengwa gerejini. Ila mkono ni ule ule. Moto unapotokea mtu hafikirii, mkono unakwenda ulikozoea. Kama taa inadanganya, au mpini hauna maandishi, au uko nyuma ya bega, usitegemee akili iziokoe sekunde hizo. Rubani wa ndege ndogo anakariri mpangilio hadi usingizini: funga mafuta, funga hewa ya joto inayotoka kwenye injini, zima umeme mkuu, shuka. Ikishika moto wakati wa kuwasha, ambako hutokea sana mtu akizidisha mafuta, anafunga mafuta lakini anaendelea kuzungusha stata ili injini iuvute moto ndani. Anayekurupuka na kuacha stata anaupa moto nafasi ya kutoka nje.

Ukishafika chini

Oktoba 27, 2018, Leicester City walitoka sare ya 1-1 na West Ham. Helikopta ya mmiliki wao Vichai Srivaddhanaprabha, aliyewapa ubingwa wa 2016, ilipaa kutoka katikati ya uwanja wa King Power kama kawaida. Mfumo wa usukani wa pangaboi la mkia ukakatika, ikaanguka nje ya uwanja. AAIB ilipomaliza kazi mwaka 2023, kulikuwa na sentensi ambayo mashabiki wengi hawakuiona: wanne kati ya watano waliokuwemo hawakuuawa na kishindo. Matangi yalipasuka, mafuta yakamwagika, na ndani ya kama dakika moja moto ukaimeza. Polisi wawili walifika, wakajaribu kuvunja kioo, joto likawarudisha.

Dakika moja. Hicho ndicho kipimo cha mjenzi wa ndege ndogo anapochora mlango. Je, kifuniko cha kioo kinafunguka ndege ikiwa imelala ubavu? Ikiwa imepinduka? Pana nyundo ndogo na kisu cha kukatia mkanda, na vinafikika ukiwa unaning'inia kichwa chini? Mtungi wa kuzimia uko wapi, chini ya kiti cha nyuma au pembeni mwa goti? Betri inaweza kukatwa kwa swichi moja? Na kuhusu nguo: nailoni inayeyukia kwenye ngozi, pamba haifanyi hivyo.

Wapo wanaosema faiba ndiyo hatari yenyewe. Sikubaliani moja kwa moja. Januari 2, 2024, pale Haneda, Tokyo, Airbus A350 ya Japan Airlines, ambayo mwili wake ni wa nyuzi za kaboni, iligongana na ndege ya walinzi wa pwani na kuwaka hadi majivu. Wote 379 waliokuwa ndani yake walitoka hai, ingawa watano kwenye ile ndogo walifariki. Ila A350 ina wahudumu, milango minane na kanuni nene kama msahafu. Ya gerejini ina mtu mmoja na alichoamua. Waokoaji wenyewe wanatakiwa wavae barakoa, maana gundi ikishaungua inaacha vipande vya nyuzi vinavyopeperuka na kuingia kwenye mapafu.

Munich, Februari 6, 1958, ndege ya United ilishindwa kupaa mara ya tatu kwenye theluji iliyolowa, ikavunja uzio, ikagonga nyumba na banda lililokuwa na lori la mafuta. Rubani James Thain alitoka, akaona vimoto vidogo karibu na mafuta ya ndege, akarudi kuchukua mitungi ya kuzimia. Akawaambia watu wakimbie, inaweza kulipuka. Kipa Harry Gregg hakukimbia. Alirudi ndani, akatoa mtoto mdogo, akamtoa mama yake aliyekuwa mjamzito, akawavuta Bobby Charlton na Dennis Viollet kwa kiuno cha suruali. Watu 23 walifariki kwa jumla, wakiwemo wachezaji wanane.

Siku 13 baadaye United walicheza na Sheffield Wednesday, Kombe la FA, Old Trafford. Gregg alikuwa golini. United walishinda 3-0.